BMI yangu 27.4, ya mume wangu 22.9 na kitambi anacho. Nani ana shida hapa?

MwlNetiboli
Habari zenu wakuu. Juzi kulikuwa na upimaji wa afya wa bure hapa Muheza, tukaenda mimi na baba watoto. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, netiboli naifundisha na kuicheza, na nikitoka huko nina shamba la mihogo linanisubiri. Urefu sentimita 162, kilo 72. Kijana akabonyeza kikokotoo chake, ikatoka BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, 27.4, akaniandikia "uzito uliozidi" na kunishauri nipunguze chapati. Chapati zenyewe nakula Jumapili tu!

Mume wangu ni karani, kutwa yuko kwenye kiti, jioni bia mbili tatu. Urefu 175, kilo 70. Yeye kapata 22.9, "uzito sahihi", na pongezi juu. Kitambi alichonacho, mkanda unapita chini yake. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki, karatasi kaibandika ukutani. Jamani, hiki kipimo kina ukweli wowote? Nianze kujinyima?

Mkwezi_wa_Pangani
Tupa kule. Vipimo vya wazungu hivyo. Bibi yangu alikuwa amejaa kisawasawa na kazika madaktari kadhaa.

NesiMstaafu
Mwanangu Mwalimu, usijinyime kwanza. Na wewe Mkwezi usitupe, ingawa la uzungu hujakosea. Hesabu hii ni ya Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akitafuta binadamu wa wastani anafananaje. Unachukua kilo, unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: 72 gawa kwa 2.62, ndiyo 27.4 yako. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaona inakisia mafuta ya mwili angalau sawa na fomula nyingine za uzito na urefu, na hapo ndipo jina la BMI liliposhika. Wanaume watupu, mwanangu. Netiboli haikuwamo.

Hata mipaka yenyewe ni watu wanakaa na kukubaliana. Marekani hadi 1998 mwanamke alihesabiwa uzito umezidi kuanzia 27.3 na mwanaume 27.8. Mwaka huo wakashusha kwa wote hadi 25, mamilioni wakaamka wamezidi uzito bila kuongeza hata gramu. Wewe kwa mpaka wa zamani ungezidi kwa nukta moja.

Sasa kwa nini nasema usiitupe? Nimekaa kliniki ya presha na sukari hadi nastaafu. Mtu akija na 36 sihitaji kumuuliza kama ni msuli, labda awe mbeba vyuma. Na huku kwetu mnasahau upande wa chini: mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia ARV akiwa chini ya 18.5, hiyo namba ndiyo inayofanya aingizwe kwenye mpango wa lishe haraka. Ukitaka kujua wilaya nzima inanenepa au inakonda, mizani na rula ya ukutani vinakutosha, ni rahisi na havihitaji umeme.

Shida inaanza ukimchukua mtu mmoja aliye katikati, kama nyie wawili. Mizani haijui kilo ipi ni paja la mchezaji na ipi ni mafuta. Wala haijui mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye jambo. Mafuta ya makalio na mapaja hayana ukorofi mkubwa. Yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini, sukari na presha vinafuata nyuma. Kwa hiyo karatasi ya ukutani haijasema lolote kuhusu kitambi cha bwana.

Azima futi kamba kwa fundi cherehani. Pima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kubana tumbo (wanaume huwa wanabana). Kiuno kisifike nusu ya urefu. Kwako 81, kwake 87 na nusu.

Wajawazito wasitumie BMI, na watoto wana chati zao za umri. Wazee nao waisome kwa tahadhari, misuli inapungua na namba inabaki ileile.

Mtanga_Leicester
Niongeze kitu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, babu zangu walitoka Gujarat, India, sasa niko Uingereza. Huku mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya na tiba, unahesabu uzito umezidi kuanzia 23, na unene kuanzia 27.5, kwa wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati na Waafrika weusi. Nina 24.1, daktari wa huku kanipeleka kupima sukari. Nilipokuja likizo Tanga nikaambiwa niko vizuri kabisa. Mwili uleule, mizigo ya begi tu ndiyo ilibadilika. Nimsikilize yupi?

NesiMstaafu
Wa Leicester, kwa damu yako ya Gujarat. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2021 uliangalia hatari ya kisukari anayokuwa nayo mzungu akifika BMI ya 30. Watu wa Asia ya Kusini waliifikia kwenye 23.9. Weusi 28.1, tofauti si kubwa hivyo. Ila hao ni weusi wanaoishi Uingereza na kula ya Uingereza. Mkulima wa Muheza sitamhukumu kwa hiyo.

MwlNetiboli
Shikamoo mama. Nimepima mbele ya fundi awe shahidi. Mimi 79. Bwana kagoma kwanza, kisha kabana tumbo kama ulivyosema, tukarudia: 98! Karatasi kaibandua mwenyewe. Anauliza aanzie wapi.

NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Aende kituo cha afya asubuhi na mapema bila kula, maji ruksa, apimwe sukari. Ikisoma 6.1 hadi 6.9 ni onyo, bia na kiti vianze kupunguzwa. Ikifika 7.0 wairudie siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa. Presha wampime akiwa amekaa ametulia dakika tano, si anaingia tu akihema. Na wewe ukae foleni naye, kiuno cha 79 hakikukingi na presha.

Mkwezi_wa_Pangani
Mama, futi kamba ikisoma 104 kwa mtu wa 170, huyo naye aende Jumatatu? Namuulizia rafiki.

NesiMstaafu
Rafiki aende kesho.