Wajuzi wa mikopo ya nyumba: ninunue hii au niendelee kupanga?

MpangajiMchovu: Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa, nalea peke yangu. Mwenye nyumba kapandisha kodi tena. Nimepata nyumba ndogo ya vyumba viwili, benki wanataka kunikopesha asilimia 80 ya bei kwa miaka 20, riba 12% kwa mwaka. Hiyo 20 ya mwanzo ninayo. Swali langu ni dogo tu: nichukue au niache? Siku ya tatu leo sijapata usingizi.

FundiMstaafu: Achana na benki, tafuta kiwanja ujenge mdogo mdogo. Mimi nilijenga miaka 11. Tulihamia hata madirisha hayajawekwa, mvua ikipiga usiku tunavuta vitanda katikati ya chumba. Lakini sidaiwi na mtu. (Mama watoto alininunia mpaka vioo vilipowekwa, hiyo sifafanui.)

KitindaMimba: Mzee, deni la mama watoto umeshalilipa?

BiHesabu: Dada, tuwaache hao. Kwa 12% miaka 20, kila 10,000 unayokopa rejesho la mwezi ni kama 110. Mwezi wa kwanza 100 nzima ni riba, 10 tu ndiyo inagusa deni. Ukimaliza umelipa kama 26,400. Sisemi usichukue, kodi nayo hairudi. Ila ukiongeza chochote juu ya rejesho miaka ya mwanzo, kinakula deni lenyewe. Uliza kama mkataba una faini ya kulipa mapema. Na hiyo 20 umeitoa wapi?

MpangajiMchovu: Asante sana. Ni akiba.

BiHesabu: Kodi inapanda, watoto wawili, na akiba ya kutosha nyumba. Hongera. Ya miaka mingapi?

MtuWaWatu: Binadamu tuwe na subira. Hata Habitat for Humanity, lile shirika la kusaidia watu kupata makazi, tangu 1976, hawagawi nyumba bure: familia inashiriki ujenzi kwa jasho lake, kisha inalipa mkopo nafuu. Siku hizi kila mtu anataka kukabidhiwa funguo.

MpangajiMchovu: Nani kataka bure? Haya, niseme. Nusu ni akiba. Nusu nimekopa kwa dhamana ya mshahara, miaka 5, riba 10% tu, nafuu kuliko ya benki. Muuzaji nimeshampa kishika uchumba, kulikuwa na mteja mwingine. Kwenye fomu ya benki, pale pa "madeni mengine", nimeacha wazi. Sijadanganya, nimeacha wazi.

KitindaMimba: "Sijadanganya, nimeacha wazi." Hii naichonga mlangoni.

BiHesabu: Makato si yataonekana kwenye hati ya mshahara?

MpangajiMchovu: Nimewapa za miezi mitatu iliyopita, kabla hayajaanza. Jamani mngekuwa nyie mngefanyaje? Nyumba ingeenda.

KalamuNyekundu: Wakuu mnapigwa chai. Mwezi uliopita huyu alifungua uzi anauliza gari lisilokula mafuta, akasema ana mtoto mmoja. Huyo wa pili kazaliwa lini?

KitindaMimba: Na tayari anahitaji chumba chake!

MtuWaWatu: Nilijua tu. Modi funga uzi.

MpangajiMchovu: Wa pili ni wa dada yangu. Tumemzika wiki tano zilizopita, mtoto nikaondoka naye. Ana miaka 9, analala kwenye kochi na viatu vyake kavipanga chini ya kichwa, anadhani anarudishwa. Gari niliahirisha.

FundiMstaafu: Pole sana mwanangu.

KalamuNyekundu: Pole, kama ni kweli. Chai nyingi humu huwa na msiba.

BiHesabu: Iwe kweli iwe chai, hesabu haibadiliki. Dada, toa karatasi ya ule mkopo wa mshahara. Kwa kila 1,000 uliyochukua, unarejesha ngapi kwa mwezi?

MpangajiMchovu: 25. Miezi 60.

BiHesabu: Basi unarudisha 1,500. Riba wameipiga kwenye mkopo wote mwanzo mwisho, hata ukibakiza robo. Ingepigwa kwenye deni lililobaki ungelipa kama 21. Hiyo 10% yako, ukiipima kwa kipimo cha benki, ni kama 17%. Ndiyo ghali kuliko zote. Kesho rudi ukajaze pale ulipoacha wazi, kabla hawajapata taarifa zako za mikopo wenyewe. Wakikupunguzia mkopo utajua mapema. Kishika uchumba mliandikishana vipi?

MpangajiMchovu: Alinipa karatasi. Imeandikwa "nimepokea" na sahihi. Haitaji nyumba gani.

BiHesabu: Wala hati miliki hujaiona?

MpangajiMchovu: Alisema iko kwa kaka yake.

FundiMstaafu: Jirani yangu anauza kiwanja, na hati anayo mwenyewe. Nasema tu.