Naomba ushauri: niache ajira ya kiwandani nimfuate dada anayenifundisha kazi ya mlima?

Binti wa Igogo (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina miaka 24, nakaa Mwanza, Igogo kule juu kwenye mawe. Bomba lilikuwa chini, nyumba iko juu, kwa hiyo kupanda mawe na ndoo kichwani nimeanza tangu nasoma msingi. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma cheti cha kuongoza watalii mwaka mmoja. Tangu hapo nashika vibarua: napeleka wageni Capri Point kutazama ziwa, navuka nao kwenda kisiwa cha Saanane, siku nyingine nakaa wiki mbili bila mgeni hata mmoja.

Kilimanjaro nimekwenda mara mbili kama mpagazi. Safari ya kwanza, mwezi wa kumi, nilibeba begi la jikoni siku zote sita na hakuna aliyenielekeza chochote. Nikikosea nagombezwa, nikipatia kimya. Nilirudi magoti yamevimba, nikasema basi, huu mlima si wangu.

Safari ya pili, mwezi wa kwanza, kulikuwa na dada mmoja msaidizi wa kiongozi. Tulikuwa tumetoka kambi ya Shira tunaelekea Lava Tower. Akaniona navyotembea nimeinama upande mmoja, akanisimamisha. Akaushusha mzigo, akautoa wote juu ya jiwe mbele yangu, halafu akaniambia nipange mwenyewe huku anatazama. Nilipoweka masufuria nje na mahema ndani akayatoa tena, bila neno. Mara ya tatu nikaelewa: kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, chepesi kiende chini na nje. Mkanda wa kiunoni akaukaza yeye. Kilo ni zilezile, ila ule mzigo ulikuwa mwingine kabisa.

Kuanzia jioni ile, kila tukifika kambini ananiuliza, "Leo umeona nini kwa wageni?" Lazima nimtajie wageni watatu: nani hakula, nani ameacha kuongea, nani anakunywa maji kidogo.

Sasa ameniambia niende Moshi msimu wa mwezi wa sita hadi wa kumi. Nitakaa chumba kimoja na wapagazi wengine wawili wa kike, yeye ataniombea nafasi kwenye safari anazopanda, na atanifundisha mpaka niwe tayari kuomba mafunzo ya uongozaji. Upande wa pili, mjomba amenipatia nafasi kiwanda cha samaki, mshahara kila mwezi. Mama anataka kiwanda. Jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili.

Maswali yangu ni mawili. Je, ni akili kuacha mshahara kumfuata mtu mmoja? Na je, naweza kumuuliza huyu dada mambo ya pesa na mpango wa kunifundisha bila kuonekana sina adabu?

Mkazi wa Kirumba

Mdogo wangu, chukua kiwanda. Mlima hauhami. Fanya kazi mwaka mmoja, weka akiba, ununue viatu na koti lako la maana, ndipo uende. Nimewaona vijana wengi wakirudi kutoka Moshi na nauli ya kuazima.

Mgumu Mstaafu

Mlima hauhami, kweli, lakini yule dada anaweza kuhama. Hapo ndipo natofautiana na mkuu wa hapo juu.

Nilianza kama mgumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana, baadaye nikawa msaidizi, kisha kiongozi. Nimeacha kwa sababu ya goti. Nikuambie kitu ambacho cheti hakikukuambia: kule kazi haitangazwi. Kiongozi anapigiwa simu na ofisi, anaambiwa ana wageni wanane, na yeye ndiye anayesema nataka fulani na fulani. Kama hakuna kiongozi anayelijua jina lako na namna unavyofanya kazi, utasimama getini asubuhi na wenzako mia, mnasubiri aliyepungukiwa na mtu.

Hilo ni la riziki. La ufundi ndilo kubwa zaidi.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa kambi ya Barafu, mita 4,673, tunajiandaa kuondoka usiku kwenda kileleni. Kiongozi mkuu alikuwa mzee mmoja wa Marangu. Akaniita: "Leo utatembea nyuma kabisa. Usitazame kilele, tazama visigino." Sikuelewa, nikatii. Saa mbili nzima naangalia visigino kwenye mwanga wa taa ya kichwani. Kushoto, kulia, vumbi, kushoto, kulia. Ikafika mahali mama mmoja kisigino chake cha kushoto kikaanza kutua pembeni. Nikadhani ni uchovu, nikanyamaza. Mzee alikuwa mbele, kati yetu kuna watu saba. Akasimama, hakugeuka hata shingo, akauliza, "Nyuma kuna nini?"

Nikamweleza. Akarudi, akamwomba yule mama atembee kwenye mstari, kisigino kiguse ncha ya kidole, hatua kumi. Hatua ya tatu akayumba tukamdaka. Hiyo ni dalili kwamba urefu wa mlima umeanza kugusa ubongo, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, si kupumzika palepale. Mimi na msaidizi tukashuka naye usiku uleule mpaka kambi ya Mweka. Asubuhi alikunywa uji na kumtaja kila mwanawe kwa jina.

Baadaye nilimuuliza mzee alijuaje. Akasema fimbo za nyuma zilibadilisha mdundo. Alikuwa anasikiliza fimbo nane gizani.

Darasani nilikuwa nimesoma dalili zote hizo na mtihani nilifaulu. Lakini kusikia fimbo nilifundishwa na mzee yule, na ilinichukua misimu minne. Huyo dada anayekuuliza kila jioni umeona nini anakufundisha kitu kilekile. Nenda.

Mama Kisesa

Nenda, lakini nenda macho wazi. Mimi ni mwanamke, nimefanya kazi za safari miaka kumi na moja, porini na mlimani, kwa hiyo nisikilizwe.

Kuna watu wanatumia neno kufundisha kupata kibarua cha bure. Anakufulisha nguo zake, anapokea malipo yako kwa niaba yako, anakuambia "vumilia, unajifunza." Na kuna wanaume wanaoahidi safari kwa mabinti kwa bei ambayo sihitaji kuitaja hapa. Ukiona dalili ya hayo, ondoka siku hiyohiyo.

Angalia mambo haya. Malipo yako ya upagazi yanafika mkononi mwako au yanapita kwake? Anakutambulisha kwa viongozi wengine au anataka umtegemee yeye tu? Ukikosea anakurekebisha pembeni au mbele ya wageni? Mlezi wa kweli anataka siku moja usimhitaji.

Kuhusu adabu: uliza. Usiende na hotuba ya "naomba uwe mlezi wangu." Hilo ni zito, linamtia mtu hofu. Mwambie hivi: "Dada, nashukuru. Naomba unieleze kwa mwezi naweza kutegemea safari ngapi, analipa nani, na kufika mwezi wa kumi ungependa niwe najua nini." Mtu mwema hachukii maswali hayo. Akichukia, umeokoa nauli.

Binti wa Igogo

Asante sana mama. Safari ile malipo nilipokea mwenyewe na bahshishi iligawiwa mbele yetu sote, dada alisoma karatasi kwa sauti. Na kunirekebisha, kila mara alinivuta pembeni. Kutambulishwa ndiyo bado, tulikuwa safari moja tu.

Mgumu Mstaafu, nimesoma habari ya visigino mara tatu.

Nahodha wa Kamanga

Mimi mlima naujua kwenye picha. Naujua ziwa. Nilipofika mwaloni nikiwa kijana nilidhani uvuvi ni kutupa nyavu. Aliyenipokea alinikalisha miezi ya kwanza nikimwaga maji yanayoingia mtumbwini na kuwasha karabai za dagaa, basi. Nilimwona mkatili. Siku moja usiku hauna mwezi, dagaa wamejaa tele kwenye mwanga, akasema tunarudi. Mitumbwi mingine ikabaki. Upepo ulitukuta tukiwa tumeshagusa mchanga. Nikamuuliza ameona nini, akasema maji yalianza kupiga mtumbwi kutoka upande ambao hayakuwa yakipiga. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya maji yaleyale!

Kwa hiyo binti yangu, wanaojua hawajui hata wao kwamba wanajua mpaka uwe karibu uulize. Kaa karibu.

Ila mama yako usimpite. Mpigie huyo dada simu mbele ya mama, waongee wao wawili. Mzazi anamwogopa mtu ambaye hajawahi kumsikia sauti.

Mwalimu wa Ilemela

Hili la nahodha la simu ni zuri, nilikuwa nakuja kuandika hilohilo.

Niongeze historia kidogo, kwa sababu kuna anayeweza kudhani kuanza kwa kubeba mizigo ni udhalili. Tenzing Norgay, mmoja wa wawili waliotangulia kufika kilele cha Everest, alianza mlima huo mwaka 1935 kama mpagazi wa msafara wa Waingereza. Alirudi mlima ule mara nyingi, kila mara akiwa na kazi nzito kidogo kuliko ya mwanzo. Mwaka 1952 Waswisi walimchukua kama mpandaji kamili, si mbeba mizigo tu, na yeye na Raymond Lambert wakafika karibu mita 8,600 kabla ya kugeuka. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza vizuri, lakini walishibana. Tarehe 29 Mei 1953 Tenzing aliposimama kileleni na Edmund Hillary, shingoni alivaa skafu nyekundu aliyopewa na Lambert.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya baadaye. Mwaka 1954 ilipofunguliwa taasisi ya mafunzo ya kupanda milima kule Darjeeling, yeye akawa mkuu wa mafunzo ya nje. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni mpwa wake, Nawang Gombu, ambaye alipanda Everest mwaka 1963 na tena 1965, mtu wa kwanza kufika pale mara mbili.

Na hapa kwetu Wilfred Moshi alifika kilele hichohicho mwaka 2012, Mtanzania wa kwanza, na mwaka 2021 Rawan Dakik akawa binti wa kwanza wa Tanzania. Njia ipo, dada.

Ushauri wa vitendo: nunua daftari dogo. Yale majibu ya kila jioni yaandike, na tarehe, na kambi. Siku ya usaili wa kuwa msaidizi utakuwa na kitu cha kusema ambacho wenzako hawana.

Mzawa wa Isamilo

Wote mmesema Moshi, Moshi. Mimi naongoza wageni hapahapa Mwanza na nina neno.

Kwanza, kuzaliwa juu ya mawe kusikudanganye. Ziwa letu liko mita 1,134, kilele cha Uhuru ni 5,895. Miguu unayo, mapafu yatajifunza kama ya kila mtu. Pole pole ni amri.

Pili, usilitupe ziwa. Kilimanjaro mvua za mwezi wa nne na wa tano hupunguza wageni sana, na mwezi wa kumi na moja hivyohivyo. Miezi hiyo rudi nyumbani ujifunze kwa watu wengine. Mimi mlinzi mmoja wa Saanane ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nawaonyesha wageni mawe na pimbi, nimemaliza. Siku moja akaniuliza kama najua jina la yule mjusi wa kichwa cha waridi na mwili wa buluu anayeota jua pale kwenye jabali. Nikasema mjusi tu. Akaniambia wataalamu wanamwita *Agama mwanzae*, jina la mji wangu mwenyewe, nami nilikuwa nampita kila siku! Siku hiyo nilianza kujifunza ndege kwake, kila Jumatatu, saa moja moja. Leo nina wageni wanaokuja kwa ajili ya ndege tu.

Maana yake, si lazima mlezi awe mmoja. Wa mlima awe huyo dada. Wa ndege na ziwa njoo nikupeleke kwa mzee wangu, bado yupo. Na Pasiansi pale kuna chuo cha wanyamapori cha siku nyingi, waliosoma pale wapo mjini, ukiwauliza kwa heshima wanaeleza.

Mkazi wa Kirumba

Nimesoma yote. Bado nasema akiba ni muhimu, lakini hili la kutambuliwa na kiongozi sikulijua. Basi angalau asiende bila nauli ya kurudi mfukoni, na asiiguse.

Mama Kisesa

Hapo tumekubaliana, mkuu. Ya kurudi, na ya wiki mbili za kula.

Binti wa Igogo

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jana jioni nilimpigia dada nikiwa nimekaa na mama. Niliuliza kama Mama Kisesa alivyonielekeza, neno kwa neno, sauti ikitetemeka. Hakukasirika. Alisema mwezi wa sita nitegemee safari moja au mbili, mwezi wa saba na wa nane zaidi, na malipo nitapokea mwenyewe kutoka ofisini. Kuhusu mwezi wa kumi, alinyamaza kidogo, akasema anataka niwe naweza kumwambia mgeni asiendelee, na mgeni akakubali.

Mama alichukua simu akaenda nayo nje. Walizungumza muda mrefu, na sijaambiwa walisema nini. Alivyorudi aliniuliza kule usiku baridi inakuwaje, nikamwambia ukweli. Asubuhi alikwenda kwa mjomba mwenyewe kumshukuru na kumwomba ile nafasi apewe mdogo wangu.

Mzawa wa Isamilo, Jumatatu nitakuja kwa huyo mzee kama hutajali, nina wiki tano kabla ya kuondoka. Nahodha, mama anakusalimu.

Dada ameniachia kazi moja tu ya kufanya kabla ya safari. Viatu nilivyonunua mtumba pale Makoroboi nivivae kila siku, nipande navyo na ndoo ya maji, hadi visinibane popote. Leo nimepanda navyo mara nne. Kidole kidogo cha kulia bado.