Tupeane uzoefu: we ukishikwa na hasira unafanyaje? (wapendwa wa Malindi na pwani yote)

MamaSidi_Maweni
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu manake hili jambo limenikaa kooni tangu juzi. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Maweni, saa tisa usiku nishaamka nakanda unga. Sasa Jumanne mwanangu wa darasa la tano akapita mbio akapindua sufuria, mbaazi zote chini, tui likatiririka mpaka mlangoni. Nikamtolea maneno ambayo hata adui sijawahi kumwambia, alafu nikainua mwiko. Kilichonisimamisha ni mikono yake, alikua ashaiweka kichwani kabla sijamfikia. Yaani kashazoea, mtoto wangu wa kumzaa.

Mchana kutwa sikuweza kula. Nikakumbuka Waefeso 4:26, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka", na hapa kwetu mnajua saa kumi na mbili na nusu giza lishaanza kuingia, nikaona nikingoja kesho sitafanya tena. Nikamuita, nikapiga magoti chini kwenye saruji, nikamwambia mama yako amekosa, nisamehe. Akaniangalia akaniuliza "mama, waumwa?" Miaka kumi na moja hajawahi kusikia hilo neno kutoka kwangu.

Nyinyi mnafanyaje? Na tafadhali msiniambie niombe tu, kuomba naomba.

Karisa_tuktuk
Pole mama. Mimi naendesha tuktuk na nilishawahi kulala selo ya polisi kwa sababu ya saidimira, kile kioo cha pembeni. Bodaboda aliniguza pale karibu na soko, nikashuka, hata sikumbuki ngumi ya kwanza ilitoka saa ngapi. Tangu hapo mtu akinichomekea nazima injini nachomoa ufunguo naubana kiganjani, mkono ukiwa na ufunguo haukunji ngumi vizuri, na ukishazima hiyo kelele ya injini hata sauti yako mwenyewe unaisikia imepanda. Hapo ndio naweza kulikumbuka lile la Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira. Kabla ya hapo hata uniandikie mstari kwenye kioo siuoni.

Kitu kingine nilikuja kugundua ni kwamba hasira zangu karibu zote ni za saa nane mchana, jua kali na tumbo tupu. Soma 1 Wafalme 19, Eliya amechoka anataka kufa chini ya mretemu, malaika hakumpa mahubiri, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndio safari ya Horebu ikaendelea. Kwahivyo mama, saa tisa usiku mpaka saa ngapi bila kutia kitu mdomoni? Kunywa hata chai kwanza.

Dama_wa_Muyeye
Yangu haikua kwa mtu, ilikua kwa Mungu mwenyewe. Nilifiwa na mume mwaka ule mwanetu ana miezi minne. Watu wakaja matangani, kila anaeingia ananiambia usilie dada, we umeokoka. Nikanyamaza kweli. Kumbe kile kilio kiligeuka, nikawa nagombana na kila mtu, wifi, majirani, muuza maji, siku moja nikavunja sahani sita moja moja.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee wa kanisani, alikuja akakaa na mimi jamvini akanisomea Zaburi 13, "Ee Bwana, hata lini? Utanisahau hata milele?" Nikamwambia mama hiyo iko kwenye Biblia? Sikujua mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo. Tukaanza kwenda naye asubuhi kule karibu na nguzo ya Vasco da Gama, ilikua wakati wa kusi, bahari imechafuka mawimbi yanapiga mwamba, hakuna anaekusikia. Nililia nikamwambia Mungu yote, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Sahani sijavunja tena. Kulia bado nalia.

Kahindi_B
Naomba nitofautiane kidogo na ile ya kila hasira ni dhambi, manake makanisani tunaambiwa hivyo sana. Marko 3:5 Yesu aliwatazama kwa hasira na palepale akahuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, na alichofanya ni kumponya yule mwenye mkono uliopooza. Mimi niliwahi kufanya kazi mahali miezi mitatu bila mshahara, nikaambiwa samehe uachie Mungu. Nilisamehe, na nikaenda ofisi ya leba vilevile, nimepiga pasi shati, naongea polepole. Nililipwa. Ningeenda siku ile ya kwanza nikiwa nimewaka ningetukana tu nikafukuzwa.

MamaSidi_Maweni
Asanteni sana, Dama nimelia na wewe. Karisa chai nimeanza kunywa, naiweka jikoni hata kabla ya unga.

Leo alfajiri kaamka mwenyewe kuja kunisaidia, kasimama pale karibu na sufuria anakoroga, tunaongea vizuri tu. Nikanyoosha mkono kuchukua chumvi nyuma yake, akajikunja.

Chumvi nimeihamisha, sasa iko upande wangu.