Kibarua kavunjika mguu, barua ya onyo kapewa yeye. Ni haki?

Mleta mada: Wakuu, tujadili. Ghala moja la korosho hapa Mtwara, jina naliweka kando. Msimu umepamba moto, malori yamepanga foleni, msimamizi akaamuru magunia yapandishwe juu kuliko kawaida. Vijana wakamwambia lundo limeinama. Akajibu anayeogopa arudi kwao. Lundo likaporomoka, kijana mmoja akavunjika mguu. Hata hogo halijatolewa, kaletewa barua ya onyo: uzembe. Msimamizi hajaulizwa lolote; ni shemeji wa mwenye ghala. Halafu msimu uliopita mpwa wa huyo mwenye ghala alianguka kutoka juu ya lori alikopanda kulala, akalipwa siku zote alizokaa nyumbani! Nasema barua ifutwe, na wa kwanza kuhojiwa awe aliyetoa amri.

Nyapara Mstaafu: Mnatuonea sisi wasimamizi. Kijana anapanda magunia na kandambili. Ukimpa buti, kesho ziko sokoni. Naye aulizwe.

Mleta mada: Mzee, shikamoo. Pale buti hazijawahi kutolewa.

Mbanguaji wa Newala: Mnaanzia kwenye ajali, mnachelewa. Upendeleo huanza asubuhi, kazi zinapogawanywa. Kiwandani mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kila mtu anajua. Ndugu wa wakubwa wanapelekwa kupanga korosho kwa madaraja, kukavu na kusafi. Sisi tusio na mtu tunabaki kwenye kubangua na glavu zilizotoboka. Ukiungua, unaambiwa hukuwa makini. Utakosaje kuungua wewe kila siku, wakati mwenzio hata ganda halioni? Kisha wanahesabu: mbona majeruhi ni wale wale? Wazembe hao!

Kijana wa Sheria: Fidia na nidhamu ni vitu viwili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza mwaka 2015, na mchango wake wote anatoa mwajiri, si wa kukatwa kwenye ujira. Aliyeumia kazini hadai kwa kuthibitisha kosa la bosi. Kwa hiyo barua ya onyo isimtishe akaacha kudai. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambebesha mwajiri wajibu wa kuweka mazingira salama. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wakaguzi. Wakimfukuza, asilale: ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nyapara Mstaafu: Marahaba. Hizo sheria nzuri, ila shahidi utampata wapi? Wenzake wanataka kuitwa kazini kesho.

Mbanguaji wa Newala: Hapo umesema kweli, babu. Ndiyo maana barua anapewa mmoja, wanasoma wote.

Mleta mada: Wawili waliokuwepo wamekubali kueleza. Wa tatu anasema tusubiri msimu uishe, na siwezi kumlaumu, ana watoto. Lakini nikuulize, mzee: ungekuwa wewe ndiye msimamizi, kwenye taarifa yako ungeandika kwamba vijana walikuonya?

Nyapara Mstaafu: Kwa shemeji yangu? Nisingeandika.