Ukoo wa Bibi Mwajuma 🌿

*Jumamosi*

Rehema, 2:14 asubuhi: Assalaam alaykum familia. Arusi ya Salma imebaki wiki 9. Vinywaji nimeshaamua, hakuna kreti za soda. Tunatengeneza sharubati kwa ule mti wa Mama wa Lushoto, wenye harufu ya waridi. Kila nyumba ijibu LEO, nani anapanda na nani analeta ndimu.

Rehema, 2:15: Unaitwa jeraniamu.

Juma, 2:51: Jenereta? Shangazi kwani Tanga umeme umekatika tena 😂

Rehema, 2:52: Juma sina muda.

Mjomba Shabani, 3:05: Amin amin 🙏🏾

Rehema, 3:20: Hesabu nimeipiga jana usiku. Sukari kilo 3, maji lita 3. Ikichemka epua, ndipo utie majani 150 yaliyooshwa, ufunike nusu saa. Majani yenyewe msiyachemshe, yanatoa uchungu. Chujeni kwa kitambaa maana yana vinyweleo. Kikombe 1 cha shira kwa 6 vya maji baridi, na ndimu. Bilauri 130 zinatoka.

Asha, 3:41: Shangazi, nimetoka nje sasa hivi kuuangalia. Ukichuma 150 vinabaki vijiti.

Juma, 3:42: Utakuwa na kipara kama Baba

Rehema, 3:50: Ndiyo maana nasema tupande SASA. Asha, kata vitawi vya urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini toa. Viache kivulini mpaka jioni pale ulipokata pakauke, ndipo uvichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Usifunike na nailoni, vitaoza. Wiki 3 au 4 vina mizizi.

Mwanahawa, 4:33: Mama Mkubwa, huku Dar kwenye bustani za barabarani wanauza mmoja wanauita mti wa mbu. Ndio huo?

Rehema, 4:35: Huo ni ndugu yake tu. Wa kunywa ni wa Mama. Tena wa kununua hujui wamepulizia dawa gani.

Mwanahawa, 4:36: Muuzaji anaapa ukiuweka dirishani mbu hawaingii

Juma, 4:38: Mimi ninao. Mbu wamekaa juu ya majani wanapunga upepo

Juma, 4:38: Mpaka uyafikiche ndiyo yanatoa harufu. Sasa nani ataamka usiku kufikicha

Mjomba Shabani, 4:44: Mbu wa Dar hawasikii. Mechi saa ngapi leo?

Juma, 4:44: Saa 10 Mjomba

Mjomba Shabani, 4:45: Redio yangu haina betri

Rehema, 4:46: JAMANI

Mwanahawa, 5:10: Kumbe asili yake Afrika Kusini. Misri wanaulima kwa ajili ya mafuta, yanaingia kwenye marashi badala ya waridi lenyewe maana waridi ni ghali.

Rehema, 6:02 mchana: Zainabu nimeona umesoma. Wewe una baraza yenye jua la asubuhi na kivuli mchana. Kwa joto hili la Tanga ndiyo pazuri. Vyungu 6 kwako. Maji usitie mpaka udongo wa juu ukauke.

Omari, 9:27 alasiri: Nimeona.

Zainabu, 10:40 jioni: Baraza ninayo. Bilauri ndizo sina. Nilikuwa nazo 36.

Zainabu, 10:52: Zikarudi 22.

Rehema, 10:53: Zainabu ya Muheza tulishayamaliza.

Zainabu, 10:53: Uliyamaliza wewe.

Mwanahawa, 10:55: Mama tulikuwa tunaongelea Afrika Kusini

Zainabu, 10:56: Afrika Kusini mbali. Muheza hapo tu.

Zainabu, 10:58: Na nina paka. Akitafuna hayo majani anatapika. Mganga wa paka atalipwa na kamati?

Juma, 10:59: Paka apewe kadi ya single au double?

Juma: *Ujumbe huu umefutwa*

Salma, 11:20: Mimi hata soda sawa tu jamani

Rehema, 11:21: Salma mwanangu tulia. Hii ni arusi ya ukoo.

*Jumapili*

Asha, 1:30 asubuhi: Bibi amenisomesha meseji zote za jana. Zote. Amesema niandike kama alivyosema, nisiongeze.

Asha, 1:36: "Kijiti cha huo mti alinipa wifi yangu, marehemu mke wa Shabani, nikakipanda kwenye kopo la mafuta. Miaka yote hiyo haujawahi kuletea watu maneno. Sasa kisu hakiugusi mpaka Rehema na Zainabu waje Lushoto, gari moja, wachume kwa mikono yao. Na bilauri 14 nisizisikie tena. Alizivunja marehemu baba yenu usiku ule wa Muheza. Nilimfichia."

Asha, 1:37: Ameishia hapo. Anauliza kama mmesoma.

Omari, 2:05: Tumesoma Mama.

Mjomba Shabani, 3:48: Kopo lilikuwa la maziwa.

Mjomba Shabani, 3:49: Mungu awarehemu wote wawili.

Rehema, 5:15: Sawa Mama.

Juma, 7:30 mchana: Shangazi, samahani, vitawi je? Wiki 9 zinakatika

Rehema, 7:44: Asha andaa mchanga na makopo. Usikate kitu.

Rehema, 7:45: Mimi Jumamosi nina nafasi. Basi la saa 12 asubuhi.

Zainabu, 2:10 usiku: Jumamosi nina kikoba. Nitaangalia.

Rehema, 2:11: Angalia basi.

Rehema, 2:30: Na ndimu sijajibiwa mpaka sasa.