Paipu za kaboni: soketi za alumini au kufunga kitambaa?

Fundi_Tandale: Wakuu, paipu za fremu ya baiskeli ninazo, jigi ya mbao (kishikio cha kuzikalisha paipu mahali pake) iko tayari. Nimekwama kwenye maungio. Nizigundishe ndani ya soketi za alumini, au nikate ncha zikae paipu kwa paipu, kisha nizungushie kitambaa cha kaboni chenye epoksi, ile gundi ya kuchanganya?

Mvita77: Soketi, ndugu yangu. Mwendesha baiskeli LeMond alishinda mbio za Tour de France za 1986 juu ya baiskeli ya Look ya namna hiyo. Pembe zinakaa zenyewe. Ila acha nafasi ya gundi, milimita 0.1 hadi 0.2 kila upande. Paipu ikibana, gundi yote inasukumwa nje.

PwaniRaha: Mvita, na chumvi je? Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na alumini penye unyevunyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Nilifungua fremu kuukuu ya jirani yangu: soketi imejaa unga mweupe, na paipu ikatoka kwa mkono.

Mvita77: Hilo kweli. Ndiyo maana huwekwa kwanza tabaka jembamba la nyuzi za kioo katikati.

Bi_Gurudumu: Mimi nafunga kitambaa. Nyuzi za kitambaa nazilaza kwa pembe ya digrii 45, kwa sababu pale kwenye pedeli fremu inasokotwa kila unapokanyaga. Kipande kidogo kwanza, kinachofuata kikubwa zaidi, ili kingo zisiishie mahali pamoja. Halafu nakaza kwa tepu ya umeme niliyoigeuza, gundi yake ikae nje, naitoboa kwa sindano. Epoksi ya ziada inatoka kwenye vitundu kama jasho. Ukiona haitoki, hujakaza.

Fundi_Tandale: Na usafi, dada?

Bi_Gurudumu: Hapo ndipo kazi yote ilipo. Msasa wa 120 mpaka mng'ao uishe, usifike kwenye nyuzi. Barakoa uvae, vumbi lile ni baya kwa mapafu. Futa kwa asetoni, kisha dondosha maji. Yakitandaa, pako safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia.

PwaniRaha: Changanya kidogo kidogo pia. Gundi inayokupa dakika 20 kabla ya kuganda kwenye nyuzijoto 23, kwenye joto la Dar inaganda mapema zaidi.

Fundi_Tandale: Nimeamua kitambaa. Nafunga kwanza vipande viwili vya paipu vilivyobaki, vikikauka vizuri navivunja.

Bi_Gurudumu: Vikivunjika, angalia uso wa paipu. Ukibaki laini, gundi haikushika. Nyuzi zikichanika, endelea na fremu.