Naomba ushauri: ukuta wa kusini unatoka jasho na kuota ukungu

Wadau, hamjambo. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, hapa Woodley, Nairobi. Baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia, ukuta wa chumba cha kulala unaoelekea kusini huamka umelowa, na ukungu mweusi huota pembeni juu, nyuma ya kabati. Miezi hiyo jua liko kaskazini, kwa hiyo ukuta huo haupati joto kabisa.

Nilibandika foili ukutani, kingo zote zikazibwa kwa selotepu, ikakaa saa 48. Matone yakawa upande wa chumbani, nyuma pakavu. Basi ni mvuke wa ndani, si maji ya ardhini. Matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti. Nimeyafungua na kuweka wavu wa mbu. Kabati limesogezwa sentimita 10. Ukungu umepungua, jasho bado.

Ukuta una rangi ya silki, ile ya kung'aa isiyofyonza kitu. Je, niikwangue hadi plasta nipake chokaa, au jasho litarudi tu? Na bafu linalofungukia chumba hicho halina dirisha: feni ya kutolea hewa ya inchi 6 itatosha hapo, au chumba nacho kinahitaji yake?

Natanguliza shukrani.